Kwenda Kula kwa Dada

Tangu nirudi, kila anayeleta suruali ipunguzwe anataka kwanza habari za ziwani. Nimesimulia nusunusu, na kila mara mteja mwingine anaingia na kunikatiza. Wengine mmesikia habari za trekta bila kusikia za kahawa. Wengine mmeambiwa kwamba Mzee Jayanti alilia, na hamjui alilia wapi wala kwa nini. Basi naiandika yote kwa mkupuo mmoja, mpokezane daftari hili, nami nipate kushona.

Mbinga, siku ya taa

Kwa wale wasionifahamu vizuri, mimi ni fundi cherehani. Mwaka wa kumi na nane huu nashonea barazani kwenye duka la Mzee Jayanti, yeye akiuza vitambaa ndani, mimi nikivikata nje. Mkewe alifariki zamani. Mwanawe yuko Uingereza. Tangu biashara ifunguliwe na bidhaa zianze kuingia kutoka kila upande, duka lake limekuwa mahali pa kukaa zaidi kuliko pa kuuza, na mwanawe alikuwa amemwandikia aache yote aende wakaishi pamoja. Masanduku mawili yalikwisha kufungwa na kuwekwa nyuma ya kaunta. Alinionyesha mimi peke yangu, akaniomba nisiseme. Diwali ya mwaka huu ndiyo ingekuwa yake ya mwisho Mbinga.

Nilikuwa nikidhani Diwali ni siku moja ya kuwasha taa. Kumbe ni siku tano zinazofuatana. Mbili za mwanzo ni za kusafisha nyumba na kutoa uchafu wote wa mwaka. Ya tatu, siku ambayo mwezi hauonekani kabisa, ndiyo ya taa. Wanasema Lakshmi, mungu wao wa kike mwenye baraka, hupita akitazama milango, na huingia nyumba iliyo safi na yenye mwanga. Wanasema pia kwamba zamani mfalme Rama alirudi nyumbani baada ya kuishi porini miaka kumi na minne, na watu wake wakampangia taa njia nzima ili asipotee.

Mzee Jayanti aliniomba nimsaidie mwaka huu, kwa sababu magoti yake hayapandi ngazi tena. Tulipaka chokaa ukuta wa mbele. Taa zake ni vibakuli vidogo vya udongo vyenye utambi wa pamba, na mafuta tuliyotia yalikuwa ya alizeti. Mlangoni alichora maua kwa unga wa mahindi, kazi iliyokuwa ya marehemu mkewe, na kwa kuwa yeye hakuizoea, ua moja lilitoka kama jongoo. Kabla hatujamaliza, kuku wa jirani walikwisha kula nusu yake. Hakuwafukuza. Alisema hao nao ni wageni.

Jua lilipozama tuliziwasha, ishirini na moja, kwenye kingo za baraza. Watu waliokuwa wakitoka stendi walisimama kutazama. Mama mmoja wa Parokiani aliuliza kama ni Noeli yao, na Mzee Jayanti akajibu kwamba akipenda aiite hivyo, mradi apokee ladu moja, kile kitu cha mviringo cha unga wa dengu na sukari.

Siku ya nne ni mwaka mpya wao. Asubuhi alikuja barazani na nguo nyeupe iliyopigwa pasi, akakutanisha viganja vyake mbele yangu, akasema "Sal Mubarak," ndiyo heri ya mwaka mpya, kisha akaniomba radhi kwa lolote alilonikosea. Hiyo ni desturi yao siku hiyo. Nikamwambia hajanikosea. Hakuondoka. Alisimama akishika gurudumu la cherehani yangu.

"Fundi," akasema, "Lituhi ni mbali kiasi gani?"

"Siku moja, mzee, gari likiwa zima. Kuna nini Lituhi?"

"Dada yangu."

Miaka kumi na minane, na mimi sikuwahi kusikia kwamba ana dada.

Kutoka Mbinga hadi Kitai

Asubuhi ile ile tulipata lori lililokuwa likienda ziwani kuchukua dagaa. Dereva wake, Komba, alimpa mzee nafasi mbele, mimi nikabanwa kati yao na kikapu cha vyakula. Mle ndani ya kikapu mlikuwa na chapati nyembamba za viungo, ladu, na kifurushi kilichofungwa kwa gazeti ambacho mzee hakutaka kikae chini.

Habari yenyewe aliitoa kidogo kidogo, gari likipanda na kushuka milima yetu. Dada yake anaitwa Savita. Zamani sana, kabla ya Uhuru kutimiza miaka miwili, alimpenda dereva wa lori la baba yao, Mnyasa aitwaye Augustino, na walipokataliwa akaondoka naye kwenda kwao ziwani. Baba akatangaza kwamba jina lake lisitajwe tena ndani ya nyumba. Halikutajwa. Wazazi wakafa, na bado Jayanti hakulitaja. Miaka michache iliyopita mfanyabiashara mmoja wa dagaa alimletea habari kwamba Augustino amefariki. Mzee alikuwa anapima sukari wakati huo.

"Nilimaliza kupima," aliniambia. "Nikafunga mfuko, nikampa mteja. Sikusema hata pole, maana nani angeipeleka?"

Komba, ambaye alikuwa akisikiliza, akauliza kwa nini basi anakwenda sasa. Mzee akaeleza siku ya tano. Inaitwa Bhai Bij, siku ya pili ya mwezi, na ni ya kaka na dada. Kaka huenda nyumbani kwa dada yake. Dada humpaka alama nyekundu kwenye paji la uso, humwombea umri mrefu, humlisha, na kaka humpa zawadi. Mwanzo wake, alisema, ni kwamba Yama, mungu wa mauti, alikuwa na dada aliyemwalika kila siku, naye kila siku akawa na kazi. Siku moja akaacha kazi akaenda. Dada alimlisha vizuri hivi kwamba Yama aliapa kila mwanamume atakayelishwa na dada yake siku hiyo asimwogope tena.

"Kwa hiyo kesho Mauti ana likizo," Komba akasema.

"Nusu siku," mzee akajibu. "Akishakula anarudi kazini. Kwa hiyo endesha polepole."

Kitai tulisimama kunywa chai, na hapo ndipo kahawa ilipotuchelewesha. Mnakumbuka mwaka huu ndio wanunuzi binafsi wameanza kupita vijijini baada ya miaka yote ya kuuza ushirika peke yake. Watu wa Kitai walipomwona Mhindi mwenye nguo nyeupe anashuka kwenye lori tupu, hawakuhitaji kuambiwa zaidi. Kabla chai haijapoa, walikuwa wameanza kuja na kahawa kavu kwenye mabakuli, kwenye kofia, kwenye pindo za khanga. Mzee Jayanti hajawahi kununua kahawa maisha yake yote. Lakini ni mtu wa adabu. Kila bakuli lililoletwa alilipokea kwa mikono miwili, akanusa, akasema ni nzuri sana. Basi kila aliyesifiwa akakimbilia nyumbani kuleta magunia.

Nilipanda juu ya bodi la lori nikawaeleza kwamba huyu si mnunuzi, anakwenda kula kwa dada yake Lituhi. Wakacheka. Mmoja alisema wanunuzi wa mwaka huu wana uongo wa kila namna, ila huu ni mpya. Saa nzima ilipita. Ikawa Komba naye ameanza kuona faida ya kubeba mizigo, nikambembeleza hadi sauti ikakauka. Mwishowe mkulima mmoja mzee, Mzee Hyera, alisogea akamtazama mwenzake huyo wa rika lake, akamuuliza hajaonana na huyo dada tangu lini. Mzee Jayanti akamwambia ukweli, mbele ya watu wote. Mzee Hyera akaliweka bakuli lake na kahawa yake kwenye kikapu chetu, juu ya ladu.

"Mpelekee," alisema. "Usifike mikono mitupu."

Watu wakaanza kuondoa magunia yao wenyewe.

Ruanda, tulipolala

Tulipoacha barabara kuu na kuingia ya Ruanda, lori lilikanyaga shimo na springi ya nyuma ikakatika. Komba aliikaza kwa gogo na mnyororo, tukaenda mwendo wa mtu mwenye mwiba mguuni. Jioni tulifika Ruanda, ule upande wa Ngaka wenye mawe meusi yanayowaka yakitiwa motoni. Yametapakaa kwenye kingo za mto, na watoto huchorea nayo kuta za shule. Komba alisema gari halitaondoka kabla ya siku mbili.

Tulikaribishwa kwa mama mmoja mjane, Mama Kapinga, ambaye mimi na marehemu mumewe tulijifunza ushonaji pamoja. Alipomwona mgeni wa heshima namna ile, akachinja kuku. Sikuwahi kumwambia kwamba Mzee Jayanti hali nyama, samaki, wala yai. Niliona manyoya tu, nikajua nimechelewa. Chakula kilipoletwa, mzee alimshukuru, akachukua ugali, akauchovya kwenye chumvi. Mama Kapinga akaweka mikono kiunoni, akamuuliza kama kuku wake ana ugonjwa. Mzee akajaribu kumweleza kwamba kwao uhai wa mnyama hauchukuliwi kwa ajili ya tumbo. Mama akajibu kwamba huyu kwa bahati mbaya umeshachukuliwa. Nilikula mapaja yote mawili ili kuokoa heshima ya nyumba mbili.

Lakini mama yule alikuwa na moyo mzuri. Alikwenda jikoni akarudi na majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga, akayaweka mbele ya mzee, akakaa kumtazama hadi alipomaliza. Ndipo mzee, labda kwa sababu ya majani yale, akasimulia jambo alilokuwa hajanieleza njiani.

Kaka akishindwa kwenda, desturi inamruhusu dada kumtumia ile alama. Savita, mwaka wa kwanza baada ya kuondoka, alituma kifurushi kidogo kwa mchuuzi wa dagaa: unga mwekundu, punje za mchele, na kipande cha sukari guru. Mwaka wa pili akatuma tena. Mwaka wa tatu tena. Baada ya hapo hakutuma.

Mama Kapinga aliuliza alifanya nini na vifurushi hivyo. Mzee alisema usiku umeingia, na kesho kuna safari.

Kushuka Lituhi

Asubuhi ya siku yenyewe hatukuwa na gari. Siku ya Bhai Bij inaisha, kwa hesabu ya mzee, jua likizama. Alisimama kando ya barabara tangu alfajiri na kikapu begani, akakataa kukaa, kana kwamba akikaa gari litapita. Lililopita ni trekta lenye tela la matofali, likipeleka mzigo kwenye ujenzi wa kanisa ziwani. Tulipanda juu ya matofali.

Sijawahi kusafiri polepole vile. Mwenye trekta alisimama kila kijiji kuulizia mbuzi wa mahari wa mdogo wake. Kila aliposimama Mzee Jayanti alitazama jua. Joto lilianza kupanda kadiri tulivyoshuka, mpaka koti nililolivaa Mbinga nikaliona kama adhabu. Kisha kwenye kona moja miti ikaachana na ziwa likaonekana lote, bluu hadi milima ya upande wa Malawi. Mzee alikuwa hajaliona tangu ujana wake. Alishika mkono wangu akaniuliza kama nadhani atamtambua. Nilidhani ananiuliza kama yeye atamtambua dada, nikamjibu kwamba damu haipotei. Akasema hapana, anauliza kama dada atakubali kumtambua.

Tuliingia Lituhi saa nane mchana. Tulianza kuulizia Savita, na hakuna aliyemjua Savita. Tukaulizia mke wa marehemu Augustino dereva, wakatuonyesha nyumba ya Augustino mwingine, aliye hai kabisa, ambaye hakufurahi. Mwisho mwanamke mmoja aliyekuwa akianika dagaa akasema, "Mnamtafuta Mama Anna, yule Mhindi wetu?" Basi huyo. Alihama Lituhi baada ya msiba, akaenda kukaa kijiji cha kusini karibu na binti yake. Mwendo wa saa moja na nusu kwa mtumbwi, upepo ukikubali.

Kwa mtumbwi

Upepo haukukubali. Mawimbi yalikuwa mafupi na yenye hasira, na mtumbwi wa gogo moja si mahali pa fundi cherehani. Wapiga kasia wawili walitukalisha chini kabisa, miguu imenyooshwa. Mzee Jayanti alikumbatia kile kifurushi cha gazeti ndani ya nguo yake. Maji yaliingia, mimi nikawa nayatoa kwa bakuli la kahawa la Mzee Hyera, kahawa yenyewe nikiwa nimeihamishia mifukoni. Niliomba kwa Mama Maria, yeye akawa anasema maneno yake kwa Kigujarati, na mpiga kasia wa mbele akatuambia tuendelee wote wawili.

Tulipogusa mchanga ilikuwa imepita saa kumi na moja. Nilitaka kuuliza nyumba, lakini mzee alikuwa ameshaanza kutembea. Nyumba zilikuwa kama kumi, zote za matofali na nyasi. Alisimama mbele ya moja. Mlangoni, juu ya udongo uliofagiliwa, palikuwa na maua yaliyochorwa kwa unga wa muhogo, na kando ya maua vibakuli vya udongo vyenye utambi uliokwisha kuungua. Aliniambia kwamba lile ua la katikati, lenye ncha nane, ni la mama yao. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa akilichora.

Nikapiga hodi.

Alitoka mwanamke mwembamba aliyefunga khanga kama wanawake wote wa pwani ile, mwiko mkononi. Alinitazama mimi, akamtazama mzee. Sikuona uso wake ukibadilika.

"Savita," mzee akasema.

"Kaka yangu amekwisha kuja," alisema. "Yuko ndani, anakula."

Sikuelewa. Nilidhani ana kaka wa pili. Mzee Jayanti alikaa chini pale pale, kwenye mchanga, akakunja miguu isiguse unga. Kisha mlangoni akatokea mtu mzima wa Kinyasa, mabega mapana, mikono ya kuvuta nyavu, na kwenye paji la uso ana alama nyekundu yenye punje tatu za mchele. Nikampa shikamoo, akaitikia. Jina lake Mzee Bonifasi. Alikuwa rafiki wa Augustino. Akamuuliza mama ni wageni gani hawa.

"Ni mtu wa Mbinga," Savita alisema.

Mzee Bonifasi alitazama miguu ya mzee. "Mtu wa Mbinga anayejua kutokanyaga unga," akasema.

Mimi nilitamani kurudi kwenye mawimbi. Ndipo Savita akauliza, kwa Kiswahili, nadhani kwa sababu alitaka Bonifasi asikie.

"Nilituma mara tatu. Zilifika?"

"Zilifika."

"Nani alizitupa?"

"Baba."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimemshikia mlango."

Namjua mzee wangu. Anaweza kueleza bei ya kitambaa kwa nusu saa. Nilingoja aongeze kwamba alikuwa kijana, kwamba baba alikuwa mkali, kwamba nyakati zilikuwa zile. Hakuongeza.

Savita aligeuza uso upande wa ziwa. Ni Bonifasi aliyesema, taratibu, akijikuna ndevu.

"Mama Anna, niseme jambo. Mzee, mimi sikukaa mahali pa mtu. Palikuwa wazi, akaniita nikaja. Lakini mwaka wa kwanza niliponawa mikono nikamuuliza, samaki wako wapi? Sisi hapa hatuli bila samaki. Akaniambia, kaka hali samaki. Nikamwambia, mbona mimi nala. Akasema, sikusemi wewe."

Akaonyesha mlango kwa kidevu.

"Kila mwaka siku hii nyumba hii haipiki samaki. Miaka yote hiyo. Mimi ni mvuvi, nakuja hapa nakula choroko."

Savita akaingia ndani. Tukasikia maji yakimiminwa, sahani ikisuguliwa. Ilichukua muda mrefu kwa sahani moja. Kisha sauti yake ikatoka humo ndani, na haikuwa sauti ile ya kwanza.

"Motabhai," aliita, ndiyo kusema kaka mkubwa. "Njoo unawe."

Sasa mnaotaka kujua alilia wapi, si pale. Aliingia akiwa imara. Bonifasi alirudi mahali pake kwenye mkeka, akajisogeza, akapigapiga nafasi iliyobaki kando yake. Hapo ndipo Mzee Jayanti alipolia, amesimama, kikapu bado begani, na mimi mifuko imejaa kahawa sijui pa kuitua.

Savita hakuwa na ule unga mwekundu wa dukani. Alichanganya manjano na chokaa, vikageuka vyekundu mbele ya macho yangu. Alimpaka kaka yake kwa kidole cha pete, akabandika punje za mchele, akazungusha taa mbele ya uso wake, akamtia mdomoni kipande cha kashata ya karanga. Kupitia mlangoni jua lilikuwa bado halijagusa milima ya Malawi. Niliangalia, kwa sababu nilikuwa nimesafiri siku mbili kwa ajili ya jua lile.

Tulikula wali, choroko, muhogo, na majani ya maboga. Bonifasi alikula mara ya pili, alisema kwa ajili ya kumsindikiza mgeni. Mzee akafungua kile kifurushi cha gazeti. Ilikuwa sari ya mama yao, ya kijani, yenye harufu ya vidonge vya kuzuia nondo. Savita aliiweka begani juu ya khanga, akamimina kahawa ya Mzee Hyera kwenye ungo, akaanza kuichambua, akiuliza habari za Mbinga nyumba moja baada ya nyingine. Tulipotoka nje mwezi ulikuwa juu ya maji, mwembamba kama ukucha.

Wakati wa kutuaga kwenda kulala alimwambia kaka yake neno moja tu.

"Mwakani usichelewe."

Mzee alinitazama mimi. Mimi peke yangu nilijua habari za masanduku. Nikajifanya natafuta viatu.

Kurudi Mbinga

Tulikaa siku tatu. Sina mengi ya kusimulia, kwa sababu muda mwingi walikuwa wakizungumza Kigujarati, mimi na Bonifasi tukala samaki nyumbani kwake, mbasa wa kuchoma kila mlo. Nilimshonea Savita blauzi mbili kwa mkono. Kurudi kulikuwa kwepesi: ziwa tulivu, na lori la Komba limepata springi, limejaa dagaa, likinuka hadi Kitai. Mzee Jayanti alikaa mbele na alama yake kwenye paji la uso. Ilikuwa imefifia, lakini alikuwa akinawa uso kwa kuizunguka.

Njia nzima hakuzungumzia Uingereza. Nami sikuuliza. Ni shauri lake, na baraza ni lake.

Jumatatu, duka limefunguliwa, alinikabidhi barua ya kumpelekea mwanawe niitie posta nikienda kununua uzi. Imeandikwa kwa Kigujarati, siwezi kuisoma, na hakuwa ameifunga. Nilimrudishia nikamwambia amesahau gundi. Akailamba, akaibana kwa kidole gumba, na kwa kuwa niliendelea kusimama akaniambia alichoandika.

"Nimemwambia siwezi kuja. Mwakani siku hiyo nina mahali pa kula."